Kisukuku Hakioti Kwenye Mkate

Jumatatu, 1 Septemba 1997

Nimeosha chupa za maabara kwa maji ya ndoo tena. Bomba limekauka tangu Ijumaa. Nilipofungua friji ya sampuli nikakuta mfuko wa utumbo wa mbuzi umelazwa juu ya mawe. Wa Bwana Kizito, mkuu wetu. Akipita sokoni asubuhi huuweka humo mpaka saa ya kwenda nyumbani. Nimeshamwambia mara nyingi. Leo amecheka.

"Merina, utumbo haujawahi kuliuma jiwe."

Harufu imeniganda puani. Sikula mchana.

Watumishi wanaendelea kupunguzwa. Wiki iliyopita wameondoka madereva na mpiga chapa. Sasa kila mtu anamchekea Bwana Kizito, hata kwa yasiyochekesha. Mimi pia. Najiona ninavyocheka. Inatia kinyaa.

Alhamisi, 4 Septemba

Mgeni amefika. Profesa Margit, mama wa makamo, pua imeungua na jua, buti zina tope la nchi nyingine. Kazi yake ni bakteria wanaoishi kwenye chumvi. Bwana Kizito amenikabidhi kwake kwa sababu somo hilo ndilo nililosomea, na kwa sababu najua Kigogo. Tunakwenda Bahi.

Bahi! Kati ya mahali pote. Nimezaliwa pale, ukingoni mwa mbuga ya chumvi, na nilipopata nafasi ya kuondoka niliondoka. Bwenini msichana mmoja alisema nanuka tope. Alisema kweli. Tulinuka wote.

Profesa amenieleza kazi yenyewe, polepole, akichora kwenye bahasha. Maji ya chumvi yakikauka, chumvi na jasi, ile ya kutengenezea chaki, huganda na kuwa fuwele, vile vijiwe ving'avu. Bakteria aliyekuwa majini hana pa kukimbilia. Fuwele humfungia humo. Akifungiwa kabla hajaoza, umbo lake hubaki hata mwili ukiisha. Hicho ndicho kisukuku chake. Na huko Mirihi, sayari jirani yetu, Mars kwa Kiingereza, inaaminika kulikuwa na maji yakakauka, yakaacha chumvi. Kama kulikuwa na uhai, huenda umefungwa humo. Hatuwezi kwenda kuangalia. Lakini tukijua mfu wa chumvi anafananaje hapa, watakaotuma vyombo huko watajua cha kutafuta.

Kusema kweli imenivutia. Sikutaka inivutie.

Bwana Kizito alisikia neno moja tu. "Mars!" Amelisema mpaka wakati wa chai.

Jumamosi, 6 Septemba

Bahi. Nimesahau jinsi ilivyo mbaya, au nilijitahidi kusahau.

Weupe mpaka macho yanauma. Nzi mdomoni. Unakanyaga ganda la chumvi, linavunjika, mguu unazama kwenye uji mweusi unaonuka mayai viza. Profesa alikata kipande kwa kisu kama mtu anayekata keki. Juu chumvi na jasi. Chini yake utando wa kijani, kisha wa zambarau kama nyama iliyolala, kisha mweusi. Unateleza kama kamasi. Alikinusa akafumba macho kwa raha. Mimi nilienda nyuma ya Landrova nikatapika.

Mama mdogo Yudith alikuwepo na wenzake wanne, wanachemsha chumvi. Wanakwangua udongo wa juu, wanauchuja kwa maji, wanapika yale maji kwenye madebe mpaka chumvi ibaki. Mikono yake imepasuka kama ukuta wa udongo. Nilimwamkia kwa mbali kidogo, na aliona kwamba ni kwa mbali.

"Marahaba, mwanangu. Umesoma kote huko ili uje kuchota uozo kwa kijiko?"

Wenzake walicheka. Akauliza tunatafuta nini.

"Viumbe wadogo sana, mama. Waliokufa humu zamani."

"Wakipatikana?"

"Itasaidia kujua kama kuna wengine waliwahi kuishi huko juu, kwenye nyota." Nilisema nyota. Sayari ingetuchukua mpaka jioni.

Alifikiri. "Basi chukueni wa chini. Huu wa juu tuachieni, ndio tunaoula."

Nimeoga mara mbili. Bado nanuka.

Jumanne, 9 Septemba

Leo sina neno baya. Siku ya ajabu.

Nilisaga kipande cha jasi kikawa chembamba kama ukucha, nikakiweka kwenye hadubini. Mwanzoni sikuona kitu. Halafu nikaona mistari, kama tabaka za kitunguu, kila tabaka ni siku ambazo fuwele ilikuwa ikikua. Ndani ya mistari hiyo kulikuwa na nyuzi. Nyembamba, zimepinda, nyingine tupu ndani kama maganda ya nyoka. Ute wa bakteria umeshika chembe za madini, chembe zimekuwa koti, mwenye koti ameondoka.

Kwenye chumvi nyeupe kuna vitone vya maji vilivyofungwa humohumo, na ndani ya vitone, vidoa vya waridi. Baadhi vinacheza. Wamefungiwa ndani ya jiwe na bado wako hai.

Profesa ameniambia maswali ya kuuliza kabla ya kushangilia. Je, kimo ndani ya fuwele, au kimeingia baadaye kwenye ufa? Je, ni kiumbe, au ni madini tu yaliyojikunja yakafanana na kiumbe? Watu wazima wenye majina makubwa wameaibika kwa sababu walishangilia kwanza.

Nilisahau kwenda kula. Uozo ule ule ulionitapisha. Sielewi.

Ijumaa, 12 Septemba

Profesa ameondoka kwenda kaskazini, Natron, kuona ziwa la magadi. Atarudi mwisho wa mwezi au mwanzoni mwa ujao. Ameacha kamera yake ikiwa imefungwa kwenye hadubini. Ameniachia mimi funguo. Jioni Bwana Kizito akazichukua. Vifaa vya wageni viko chini ya mkuu, amesema.

Jumatatu, 15 Septemba

Umeme ulikatika Jumamosi na Jumapili. Nimefungua friji asubuhi.

Siwezi kuandika vizuri. Mfuko wa utumbo ulipasuka. Maji yake ya kijani yameshuka rafu hadi rafu, yameingia kwenye sanduku zima la sampuli za Bahi. Funza wawili. Vipande vya jasi vimelowa, vimeanza kuota manyoya. Kazi ya Profesa. Kazi yangu.

Nimesafisha kwa dawa, nimetapika, nimesafisha tena. Sanduku nimelitupa kwenye ndoo ya takataka. Vilivyobaki salama ni vile nilivyokuwa navyo mezani, vichache.

Bwana Kizito alipopewa habari aliuliza kama utumbo unaweza kuokolewa.

Jumatano, 17 Septemba

Amekuja na picha. Anang'aa kama mtu aliyepata mjukuu.

Amepiga mwenyewe kwa kamera ya Profesa, ameisafisha mjini. Nyuzi nene, nyeusi, zimesambaa ndani ya jasi, na kwenye ncha zina vichwa vya duara. "Tazama hii! Zile nyuzi zako zilikuwa kama nywele za mtoto. Hii hata kipofu anaiona."

Nilimuuliza kipande kimetoka wapi.

Kwenye ndoo. Amekiokota kwenye ndoo ya takataka, kwa sababu kinaonekana vizuri zaidi.

Nimemwambia huo ni ukungu. Ukungu wa utumbo wake. Umeingia kwenye nyufa za jasi Jumamosi iliyopita, haukuanza enzi ya mababu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa upole. Kisha akafunga mlango.

"Merina, wazungu wanatoa fedha kwa ajili ya Mars. Hawatoi kwa ajili ya tope la Bahi. Jengo hili likifungwa, wewe utakwenda wapi?"

Pumzi yake ilikuwa na kitunguu na mvinyo wa zabibu.

Ijumaa, 19 Septemba

Waandishi walikuja, na watu wa redio. Viti viliazimwa kanisani. Bwana Kizito alivaa suti. Alisema Dodoma imepata visukuku vya mamilioni ya miaka, ndugu wa viumbe wa Mars. Alisema mbuga ya Bahi itawekwa chini ya ulinzi wa utafiti. Aliniweka kando yake tupigwe picha. "Na huyu ni msaidizi wangu, binti wa hukohuko."

Nilisimama. Mtu wa redio alinielekezea kipaza sauti na mimi nikasema, "Tunashukuru."

Tunashukuru! Nimelala chali kitandani tangu nirudi. Nachukia sauti yangu.

Alhamisi, 25 Septemba

Mama mdogo yuko hapa kwangu mjini, mtaa wa Kikuyu. Ameletwa na lori la mkaa.

Mgambo walifika mbugani juzi. Walisema eneo limefungwa, amri kutoka mjini, pana vitu vya serikali chini ya ardhi. Wanawake waliomba wamalizie madebe yaliyokuwa motoni. Mgambo mmoja alipiga debe teke. Maji ya chumvi yanayochemka yamemmwagikia Mama mdogo mguu wa kulia, kuanzia goti kushuka chini.

Nimemfungua kitambaa. Wenzake walimpaka dawa ya meno. Ngozi imetoka na kitambaa. Harufu ile. Nilitegemea kinyaa kinipande kama kawaida, hakikupanda. Kilichonipanda ni kitu kingine, na hakikuwa juu yake.

Nilimpeleka hospitali, amefungwa upya. Njiani alisema, "Nilisikia redio. Ulisema mnashukuru. Nikawaambia wenzangu, huyo ni mtoto wangu."

Hakuwa ananisuta. Ingekuwa afadhali.

Ijumaa, 26 Septemba

Niliingia kazini mapema. Kile kipande kilichopigwa picha kimo kwenye kabati la Bwana Kizito, kwenye kisanduku cha kadi za harusi, na kabati halifungwi. Nimekwangua kidogo tu, chembe mbili tatu. Nimezipandikiza kwenye boflo, nimelinyunyizia maji, nimelifunika kwa bakuli. Na boflo lingine bila kitu, la kulinganisha. Yote nimeyaweka kwangu, chini ya kitanda.

Mama mdogo ameuliza kwa nini naficha mkate wakati tuna njaa. Nilicheka. Mara ya kwanza mwezi huu kicheko changu kimekuwa changu.

Jumanne, 30 Septemba

Umeota. Manyoya meupe, katikati kijivu, juu vichwa vidogo vyeusi kama vya pini. Boflo lingine ni kavu tu na jeupe. Nilichukua manyoya kidogo nikayaangalia kwenye hadubini wakati wa chakula cha mchana. Nyuzi nene, vichwa vya duara. Ileile.

Unanuka vibaya. Nimeupenda.

Naogopa. Niandike hivyo, naogopa sana.

Jumatano, 1 Oktoba

Profesa amerudi. Kikao saa nne, ofisini kwa Bwana Kizito. Alikuwepo pia afisa kutoka wizarani, mtu mnene mpole, anakula sambusa. Profesa ameshika picha kwa mikono miwili, uso mwekundu kwa furaha. Ameomba aone kipande chenyewe. Bwana Kizito alisema mimi nitaeleza utaratibu wa maabara.

Nikaweka bakuli mezani nikafunua.

"Hii ni nini?" Afisa aliuliza.

"Ni kisukuku cha Mars," nilisema. "Nimekipanda kwenye mkate siku tano zilizopita."

Hakuna aliyecheka. Bwana Kizito aliinuka. "Huyu dada ana uchungu. Anaogopa kupunguzwa, anatafuta wa kumharibia."

"Kisukuku hakioti kwenye mkate, Bwana Kizito. Ukungu huota. Kipande hicho nilikitupa, wewe ukakiokota kwenye ndoo."

Profesa alilisogelea bakuli. Alichukua manyoya kidogo, akaenda chumba cha pili kwenye hadubini, akakaa huko. Aliporudi alikuwa amevua miwani na uso ulikuwa umezeeka.

"Kwenye friji kulikuwa na nini?" aliuliza.

Bwana Kizito alitazama dirishani.

"Utumbo," nilisema. "Wa mbuzi."

Afisa alirudisha sambusa yake kwenye sahani.

Hapo nikasema na ya Bahi. Mguu wa Mama mdogo, wote, kuanzia goti. Nilisema kwa Kiingereza ili Profesa asikose neno, kisha nikarudia kwa Kiswahili ili afisa asijifanye hakuelewa. Profesa amesema hakuomba mbuga ifungwe, wala hafanyi kazi mahali ambapo watu wamefukuzwa. Afisa aliandika kitu. Alisema amri itaangaliwa.

Nilitoka nje nikaketi kwenye ngazi.

Jumamosi, 4 Oktoba

Bahi tena, na Profesa. Amri imefutwa kimyakimya. Hakuna aliyeomba radhi. Wanawake wamerudi, watatu. Debe la Mama mdogo bado lilikuwa pale, limepinduka, chumvi imegandia kwenye nyasi.

Tumechukua sampuli mpya. Kila kisu kimepitishwa kwenye spiriti na moto. Nilizama mpaka magotini na sikujali. Harufu ni harufu tu, ni kazi ya bakteria wanaopumua bila hewa. Wanafanya waliloumbiwa. Nimeshaona vinavyonuka zaidi vikiwa vimevaa suti.

Jioni tulitazama kipande kimoja kwenye hadubini. Nyuzi zile nyembamba, za kufifia, ndani ya tabaka za fuwele, hazipo kwenye ufa. Hazivutii. Redio isingekuja kwa ajili yake.

"Hawa ndio," Profesa alisema.

"Wana umri gani?"

"Sijui. Huenda wa mwaka juzi, huenda wa zamani sana. Nitapima, na nikishindwa kujua nitasema nimeshindwa."

Nilitaka kumkumbatia. Sikufanya hivyo. Ameniambia jina langu litaandikwa pamoja na lake. Tutaona. Watu huahidi mengi wakiwa na tope miguuni.

Alhamisi, 30 Oktoba

Nimepunguzwa. Mimi na mfagizi.

Bwana Kizito ametusomea mwenyewe, uwanjani, mbele ya wenzetu. Yeye anahamia wizarani, amepandishwa cheo. Ndiyo. Amepandishwa. Wote walipiga makofi, hata wale waliokuja mezani kwangu kunong'ona, hongera Merina, umesema kweli. Walipiga kwa nguvu zaidi.

Alinipa mkono. Kiganja laini, chenye unyevu. "Hakuna kinyongo, dada yangu. Mageuzi ni mageuzi."

Niliupokea ule mkono kwa sababu watu walikuwa wanatazama. Kisha nikanawa kwa sabuni ya unga, mpaka kwenye viwiko.

Mama mdogo aliponiona nimerudi na mfuko wa vitu vyangu aliwasha jiko. Alisonga ugali wa uwele, akapika mlenda, akaniwekea karibu. Mguu wake umeanza kushika ngozi. Mpya, ya waridi, nyembamba mno.

"Kula," alisema. "Hasira hailali na tumbo tupu."

Nilikula. Kisha nikalia kidogo, kwa sababu ya makofi.

Jumamosi, 29 Novemba

Mvua haziishi. Reli imekatika mahali, watu wamekwama stesheni. Mbuga imejaa maji, hakuna chumvi wala udongo wa kukwangua mpaka kiangazi kijacho. Mama mdogo anakaa kwangu. Anasuka vikapu na kuwasema majirani.

Nimeomba kazi shule mpya ya binafsi, ile iliyofunguliwa kwenye ghala la zamani la ushirika. Wanahitaji mwalimu wa baiolojia. Meneja aliniuliza kwa nini niliacha serikali. Nikasema serikali ndiyo iliyoniacha. Alicheka, akasema nianze Januari.

Jumatatu, 12 Januari 1998

Siku ya kwanza. Kidato cha pili, wanafunzi arobaini na kitu, madawati mapya yananuka rangi. Hakuna hadubini. Kuna chaki.

Nilianza na viumbe wadogo. Niliwaambia wako kila mahali, kwenye kucha zao, kwenye maziwa ya mgando, hata ndani ya chumvi. Waliguna. Msichana wa mstari wa pili akanyoosha mkono. Sare imepigwa pasi vizuri, nywele zimekatwa karibu na ngozi. Nilimwambia asimame ataje jina.

"Happiness Kizito, mwalimu. Baba anasema yeye ndiye aliyegundua viumbe wa Mars kule Bahi. Ni kweli?"

Darasa zima liligeuka kunitazama.

Kile kinyaa kilinirudia, cha utumbo na suti na makofi. Nilikuwa na sentensi moja tayari. Ingetosha. Angeibeba mpaka nyumbani na kuiweka mezani wakati wa chakula.

Lakini alikuwa amesimama wima, mikono nyuma, ananitazama kama mtu anayempenda baba yake na anayetaka pia kujua.

"Baba yako alikuwa mkuu wa maabara wakati tunawatafuta," nilisema. "Wa Mars hatujawapata, wala hatujui kama wapo. Wa Bahi wapo. Nimewaona."

"Wakoje?"

"Wembamba sana. Kaa, nitawachora."

Alikaa, akafungua daftari. Mvua ikaanza kupiga bati, kubwa, sauti yangu ikapotea. Niligeukia ubao nikachora tabaka za fuwele, moja baada ya nyingine, na nyuzi ndani yake. Wote wakawa wananakili. Nikaendelea kuchora mpaka kengele.